Barua ya gari lako ilikwenda Japani: namna ya kuifuata mwenyewe

Kiwanda cha magari kikigundua kasoro ya hatari, humwandikia barua mwenye gari. Jina na anwani huchukuliwa katika daftari la usajili la nchi lilikouzwa gari hilo. Sasa gari lililotumika likipakiwa melini Yokohama kuja Dar es Salaam au Mombasa, limekwisha kufutwa katika daftari la Japani. Barua, kama iliwahi kuandikwa, ilimfikia mzee fulani wa Nagoya ambaye alishauza gari na kununua jingine. Na kama kasoro imegunduliwa baada ya meli kung'oa nanga, hakuna mtu aliyeandikiwa.

Kwa hiyo inawezekana kabisa leo hii, pale Mbagala au Kisauni, mtu anaendesha gari ambalo kasoro yake inajulikana, imepewa namba, na dawa yake ipo, ila mwenyewe ndiye asiyejua. Jambo hili linaniuma, kwa sababu habari zimewekwa wazi mtandaoni na mtu mwenye simu na bando la kawaida anazipata kwa chini ya saa moja. Nitaeleza namna ya kuzifuata, nikianzia na karatasi zenyewe, maana wengi wanazichanganya.

Rikoli na waraka wa ufundi

Rikoli ni wito wa kurudisha gari. Hutolewa pale kasoro inapohusu usalama, au gari linapokuwa halikidhi viwango vya sheria. Serikali huarifiwa, wenye magari huarifiwa, na kiwanda hubeba gharama za matengenezo katika nchi iliyotoa wito.

Waraka wa ufundi, ambao Wamarekani huufupisha TSB, ni barua ya kiwanda kwa mafundi wa mawakala wake. Unasema: mteja akija na malalamiko haya, chanzo chake ni hiki, na mrekebishe namna hii. Hauahidi kitu cha bure. Gari likiwa ndani ya dhamana, wakala hulipwa na kiwanda. Dhamana ikiisha, unalipa wewe.

Mpaka kati ya karatasi hizi huwekwa na binadamu, na binadamu hukosea. General Motors ya Marekani ilikuwa na swichi ya kuwashia gari iliyolegea katika Chevrolet Cobalt na magari ya jamii yake. Ukining'iniza rundo zito la funguo, au goti likigusa pale, ufunguo uliweza kurudi nyuma gari likiwa mwendoni. Injini ikazima, usukani na breki vikawa vizito, na ajali ikitokea mifuko ya hewa haikufumuka. Desemba 2005 kampuni ilitoa waraka wa ufundi: mwambieni mteja apunguze mzigo kwenye funguo. Rikoli ilikuja Februari 2014. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Kwa miaka zaidi ya 8 ugonjwa wa magari yale ulikuwa umeandikwa kwenye waraka ambao dereva wa kawaida hakujua kama upo. Ndiyo maana nasema zisomwe karatasi zote mbili.

Japani wao wana makundi matatu, na utayakuta kwenye tovuti zao. La kwanza ni rikoli yenyewe, リコール, yaani gari halikidhi au huenda lisikidhi viwango vya usalama na mazingira. La pili ni kaizen taisaku, 改善対策: kiwango hakijavunjwa, lakini kasoro haiwezi kuachwa hivihivi. La tatu ni kampeni ya huduma, サービスキャンペーン, ambayo ni marekebisho ya ubora tu. Ukikuta mojawapo ya mawili ya kwanza kwenye gari lako, simamisha shughuli nyingine ulizopanga juu ya gari hilo, iwe rimu mpya au redio, kwanza ushughulikie hilo.

Hatua ya 1: ipate namba ya chesisi, tena sahihi

Usianze na jina la gari. "Nina Fielder ya 2008" haitoshi, kwa sababu rikoli hufuata namba za chesisi, na magari mawili yaliyotoka kiwandani wiki moja yanaweza kutofautiana: moja limo, jingine halimo.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi yenye kistari katikati. Mbele ya kistari ni msimbo wa modeli: NZE141 ni Corolla Axio au Fielder, NCP60 ni IST, ZVW30 ni Prius, GE6 ni Honda Fit. Nyuma ya kistari ni namba ya mfululizo, kwa kawaida tarakimu saba. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani, Ulaya, Ghuba au lililouzwa jipya hapa kwetu lina namba ya herufi na tarakimu 17 mfululizo bila kistari. Namba hiyo haina kamwe herufi I, O wala Q, hivyo ukiona kitu kama O, ni sifuri. Ikianza na J gari limetoka Japani, 1, 4 au 5 ni Marekani, W ni Ujerumani, na AHT ni Toyota ya Afrika Kusini, ambako Hilux hutengenezwa Durban.

Isome namba kwenye gari lenyewe. Kwenye Toyota nyingi za Japani imegongwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi, na imerudiwa kwenye kibati. Kisha ilinganishe na kadi ya gari, au logibuku kwa wenzetu wa Kenya, na cheti cha kusafirisha kutoka Japani kama bado unacho. Tarakimu ikipotea kwenye kadi kwa makosa ya uchapaji, utaandikiwa kwamba gari lako ni salama wakati umeuliza habari za gari la mtu mwingine. Zikitofautiana, una tatizo kubwa kuliko rikoli, na ulimalize na mamlaka ya usajili kwanza.

Piga picha ya namba. Utaihitaji tena na tena.

Hatua ya 2: uliza katika nchi ya gari, siyo nchi yako

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanaingia tovuti ya Marekani na namba ya Kijapani, tovuti inaikataa, wanaondoka wakidhani gari halina kitu.

Kwa gari la soko la Japani, kila kampuni kubwa ya huko ina ukurasa wa kuingiza namba ya chesisi na kuona rikoli zake. Uko kwa Kijapani, lakini usiogope. Nakili maneno haya uyaweke kwenye kitafutio: トヨタ リコール 車台番号 検索. Maana yake ni "Toyota, rikoli, namba ya chesisi, tafuta". Kwa kampuni nyingine badili neno la kwanza tu: 日産 ni Nissan, ホンダ ni Honda, マツダ ni Mazda, スバル ni Subaru, スズキ ni Suzuki, 三菱 ni Mitsubishi. Hakikisha ukurasa uliofungua ni wa kampuni yenyewe. Ukikuta visanduku viwili, cha kwanza weka herufi na tarakimu zilizo kabla ya kistari, cha pili zilizo baada yake. Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya Japani nayo huweka matangazo ya rikoli ya kampuni zote, ukitaka kusoma maelezo ya kasoro kwa kina.

Kwa gari la soko la Marekani nenda nhtsa.gov/recalls, ukurasa wa mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, na uweke namba zote 17. Tovuti hiyo huonyesha rikoli ambazo hazijafanyiwa kazi. Iliyokwisha kutengenezwa haionekani. Gari lililotoka Uingereza huulizwa kwenye tovuti ya serikali yao, GOV.UK, ambako pia utapata historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka kwa namba ya zamani ya usajili. Ndugu zetu walioko Oman wana Mamlaka ya Ulinzi wa Walaji inayotangaza rikoli za magari ya huko, na anayepeleka gari la Ghuba Zanzibar aanzie hapo kabla halijapakiwa.

Gari ulilonunua jipya kwa wakala wa hapa nchini ndilo rahisi kuliko yote: mwandikie wakala, mpe namba ya chesisi, ajibu.

Hatua ya 3: soma jibu, kisha fungua mlango wa dereva

Kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri itakusaidia kusoma ukurasa wa Kijapani, ila tafsiri za mashine huyumba kwenye maneno yaleyale unayoyahitaji. Yajue haya kwa macho. 対象 maana yake gari limo kwenye wito. 対象外 maana yake halimo. 未実施 ni "bado haijafanyika", na 実施済 ni "imekwisha kufanyika". Herufi 未 ndiyo ya kutafuta: ukiiona, kazi ingali inakusubiri.

Rikoli ya Japani ina alama nyingine ambayo wauzaji wengi wa magari hapa hawaijui. Fundi wa huko akimaliza kazi hubandika stika ndogo yenye namba ya rikoli kwenye uwazi wa mlango wa dereva, karibu na kile chuma ambacho kitasa hung'ata. Fungua mlango utazame hapo. Stika yenye namba ya rikoli unayoitafuta ni ushahidi mzuri. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi lolote, kwa sababu gari likipigwa rangi upya stika hung'olewa.

Hatua ya 4: pima uzito wa kasoro

Rikoli hazilingani. Kuna ya kushughulikia mwezi ujao na kuna ya kuegesha gari leo. Niichukue moja niikalie, maana kwa watu wa pwani hakuna iliyo nzito kuliko hii.

Ndani ya mfuko wa hewa, ambao mafundi wetu huuita eabegi, kuna kopo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Ajali ikitokea, vidonge huwaka ghafla, gesi hujaza mfuko, na uso wako hutua kwenye kitu laini. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza makopo yanayotumia amonia nitreti, mengi yakiwa bila kikausho cha kunyonya unyevu. Joto la mchana, ubaridi wa usiku na hewa ya unyevu kwa miaka mingi huviharibu vidonge hivyo. Siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinaruka kuelekea shingo na uso wa mtu. Kuna waliokufa katika ajali ndogo ambazo wangeshuka wakilalamikia bampa.

Honda ilianza kurudisha magari yenye makopo hayo mwaka 2008. Aprili 2013 Toyota, Honda, Nissan na Mazda zilitangaza kwa pamoja wito wa magari milioni 3.4, zikiwemo Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Marekani peke yake wito ulifika makopo milioni 67. Takata ilifilisika Juni 2017.

Sasa sikiliza hili. Wamarekani walipopanga nani atengenezewe kwanza, waligawa nchi yao kwa hali ya hewa: maeneo ya joto na unyevu kama Florida, Hawaii na Puerto Rico yalitangulizwa, kwa kuwa huko ndiko vidonge huoza upesi. Malaysia, nchi yenye hewa kama yetu, nayo imezika watu waliouawa na makopo haya ndani ya Honda City. Ukiwa Tanga, Mombasa, Unguja au Lindi, una joto lilelile na unyevu uleule, na gari lako huenda lina miaka 15 au 20. Japani yenyewe, tangu Mei 2018, haipitishi kwenye ukaguzi wa lazima, wanaouita shaken, gari lenye kopo hatari la Takata ambalo halijabadilishwa.

Taa ya eabegi kwenye dashibodi haitakuambia lolote kuhusu hili. Inawaka ukifungua swichi, inazima baada ya sekunde chache, na kila kitu kinaonekana shwari. Inachokagua ni umeme na nyaya. Vidonge vilivyooza ndani ya kopo haivioni.

Ukikuta gari lako limo na bado halijatengenezwa, na kopo husika ni la upande wa abiria, kiti hicho kisikaliwe. Watu wakae nyuma. Likiwa la upande wa dereva, hakuna pa kukimbilia, hivyo punguza safari hadi libadilishwe. Kwa baadhi ya Honda na Acura (chapa ya kifahari ya Honda) za 2001 hadi 2003, NHTSA ilieleza mwaka 2016 kwamba katika majaribio uwezekano wa kopo kupasuka ulifika hadi asilimia 50, ikawataka wenye magari hayo wasiyaendeshe ila kuyapeleka kutengenezwa. Mkanda ufungwe siku zote.

Na tafadhali, usikubali eabegi ya kutumika iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Unaweza kutoa kopo bovu la Takata ukaweka jingine bovu la Takata. Wala fundi wa mtaani asiichezee kwa bisibisi na taa ya majaribio: nyaya zake zimepewa rangi ya njano makusudi ili kila mtu ajue asiziguse kienyeji.

Kasoro nyingine ni za kawaida lakini zina mtego wake. Oktoba 2012 Toyota ilirudisha magari milioni 7.43 duniani, yakiwemo Vitz, Yaris, Corolla na RAV4, kwa sababu ya swichi kuu ya vioo kwenye mlango wa dereva. Grisi haikupakwa sawasawa kiwandani, swichi inakwaruza na kukwama, na huenda ikayeyuka au kutoa moshi. Kampuni ilionya jambo ambalo kila fundi umeme wa hapa anapaswa kulijua: usipulizie mafuta ya kulainisha ya dukani, kwa sababu hayo nayo yanaweza kusababisha swichi iyeyuke. Sisi kioo kikikwama hufanya nini? Tunapulizia.

Mwaka 2014 zilifuata Prius za kizazi cha ZVW30, magari milioni 1.9, ambamo sehemu ya kibadilisha umeme cha haibridi, yaani mfumo wa petroli na umeme pamoja, iliweza kupata joto kali na gari likasimama njiani. Sehemu kubwa ya tiba ilikuwa programu mpya ya kompyuta. Mwaka 2020 ikaja pampu ya mafuta ya Denso, kampuni inayotengeneza spea za magari. Panga lake la plastiki huweza kunyonya petroli, likavimba, likakwaruza kuta, na injini ikafa barabarani. Anayesumbuliwa na tatizo hili na kununua pampu ya kutumika ya miaka ileile amenunua ugonjwa uleule.

Hatua ya 5: tafuta nyaraka za ufundi kabla ya kununua spea

Gari likianza kusumbua, mazoea yetu ni kubadilisha kitu hadi tatizo liishe: plagi, koili, sensa, mwisho injini nzima. Waraka wa ufundi unaweza kukuokolea nusu ya safari hiyo.

Ukurasa uleule wa NHTSA huruhusu kutafuta kwa mwaka, kampuni na modeli bila namba ya chesisi, na chini ya rikoli utakuta mawasiliano ya kiwanda kwa mawakala. Nyaraka za soko la Japani hazianikwi kwa umma namna hiyo, kwa hiyo mwenye Harrier au Kluger afanye hivi: atafute gari la Marekani lenye injini au gia boksi yenye msimbo uleule na lake, asome waraka wa hilo.

Waraka una mpangilio unaorudiwa. Juu kuna namba na tarehe. Angalia kama hakuna mpya zaidi ulioufuta huo. Kisha magari yanayohusika, mara nyingine pamoja na kipindi cha uzalishaji. Halafu dalili, kama mteja atakavyozieleza. Halafu chanzo, namna ya kupima, na namna ya kutengeneza. Mwishoni kuna jedwali la spea: namba ya zamani na namba mpya. Jedwali hili lina thamani kuliko kurasa zote. Kiwanda kinapobadilisha namba ya spea kwenye waraka wa kasoro, mara nyingi ni kwamba kimebadilisha kitu chenyewe. Ukiingia dukani Kariakoo au Kirinyaga Road na namba mpya mkononi, hutoi nafasi ya kupewa mzigo wa zamani uliolala rafuni.

Mfano mzuri ni injini ya 2AZ-FE inayokula oili. Mwaka 2011 Toyota ya Marekani ilitoa waraka T-SB-0094-11 kuhusu Camry za 2007 hadi 2009 na magari mengine ya miaka ya karibu na hiyo yenye injini hiyo. Chanzo kiko kwenye pistoni na ringi zake. Fundi aliagizwa kujaza oili hadi alama, mteja aende maili 1,200, kama kilomita 1,930, arudi kupimwa. Ikipungua zaidi ya kwati moja, karibu lita moja, pistoni na ringi zibadilishwe kwa zilizoboreshwa.

Waraka huo haukuandikiwa Harrier ya Tabata wala Alphard ya Nairobi. Hata hivyo unakupa vitu viwili mkononi. Kwanza kipimo: unaweza kufanya jaribio hilohilo mwenyewe, ukiandika kilomita na kutazama dipstiki gari likiwa limepoa mahali tambarare, badala ya kubishana na fundi kama injini "inakula kidogo" au "inakula sana". Pili tahadhari: kama gari lako ni la miaka hiyo na linakula oili, usikimbilie injini ya kutumika ya 2AZ ya miaka hiyohiyo kabla hujaangalia pistoni. Nimeona mtu akilipia injini nzima, na baada ya miezi minne akarudi kununua oili galoni kwa galoni kama zamani.

Waraka ni msaada wa uchunguzi. Moshi wa bluu unaweza kuwa pistoni, unaweza kuwa sili za valvu. Mpe fundi wako asome, kisha apime gari lililo mbele yake. Fundi mzuri hufurahi kupewa karatasi hiyo. Anayekasirika kwa kuwa umekuja na maandishi, fikiria kumbadilisha.

Hatua ya 6: wakala aandikiwe, asipigiwe simu tu

Ukishajua gari limo kwenye rikoli, wasiliana na wakala rasmi wa kampuni hiyo hapa nchini. Maneno ya kaunta hupeperuka, kwa hiyo tumia barua pepe. Unaweza kuandika hivi:

"Ndugu Meneja wa Huduma, nina gari lenye namba ya chesisi kama inavyoonekana kwenye picha. Tovuti ya kiwanda inaonyesha kuwa limo kwenye rikoli namba fulani na kazi haijafanyika. Naomba mnijulishe: je, mnaithibitisha? Je, mnahudumia gari lililoagizwa likiwa limetumika? Spea mnayo, au itachukua muda gani? Na kama kuna malipo, ni ya spea, ya kazi, au vyote viwili?"

Ambatisha picha ya namba ya chesisi na ya ukurasa wa majibu. Wajibu wa kutengeneza bure unatokana na sheria ya nchi iliyotoa wito, na hata huko una mipaka. Marekani, kwa mfano, ni miaka 15 tangu gari lilipouzwa mara ya kwanza. Kwa gari la kuagiza, hili la malipo linahitaji mazungumzo ya adabu na uvumilivu. Omba bure kwanza. Ukiambiwa kuna gharama, ulizia kazi peke yake na spea peke yake. Kwa gari ulilonunua jipya hapa, usikubali kuzungushwa: Tanzania kuna Tume ya Ushindani, Kenya kuna Mamlaka ya Ushindani, na zote hupokea malalamiko ya walaji.

Kazi za breki, mifuko ya hewa, usukani na betri ya haibridi zifanywe na wakala, au karakana yenye vifaa na mafunzo ya mfumo huo. Swichi ya kioo au pampu ya mafuta fundi wako mzoefu anaiweza, mradi spea iwe mpya na namba yake ndiyo iliyotajwa.

Ukimaliza, dai karatasi yenye namba ya chesisi, namba ya rikoli, namba ya spea iliyowekwa na tarehe. Iweke pamoja na kadi ya gari.

Kama bado hujanunua

Haya yote huwa rahisi zaidi gari likiwa bado yadi ya Japani. Mwuzaji anayekutumia picha 30 za gari hashindwi kukutumia ya 31: namba ya chesisi. Ingiza kwenye tovuti ya kampuni. Ukiona 未, mwombe alipeleke kwa wakala wa huko kabla ya kusafirishwa, ambako kazi ya rikoli ni bure na spea ziko jirani. Akikataa kukupa namba kamili, tafuta gari jingine, yapo mengi.

Ukinunua gari lililokwisha kufika, fanya utafutaji ukiwa umesimama nalo yadi, kabla ya kutoa malipo ya awali. Na kwa gari ulilo nalo tayari, rudia utafutaji kila baada ya miezi sita, kwa mfano unapolipia bima na nusu mwaka baadaye, kwa sababu magari ya miaka 15 nyuma yanaendelea kuongezwa kwenye orodha. Ile picha ya namba ya chesisi bado iko kwenye simu yako.